Hogo wanafunga vizuri, kwenye viatu wametuangusha

Kwenye hogo, ile plasta ngumu ya kunyooshea mguu, sina neno na kliniki hii. Mwanangu alizaliwa na mguu kifundo, nyayo zote mbili zimegeukia ndani, na kila wiki wale wataalamu walizinyoosha kwa mikono yao, taratibu, mtoto ananyonya wala halii, kisha wanafunga hogo jipya. Mwishoni wakakata kidogo ile kano ya nyuma ya kisigino kwa ganzi, hogo la mwisho likakaa wiki 3, na lilipotolewa miguu ilikuwa imenyooka, nikatamani kupiga vigelegele palepale. Njia yenyewe ni ya Dkt. Ignacio Ponseti, aliyeianzisha kule Iowa, Marekani. Haitaki mashine wala daktari bingwa. Malawi na Uganda maofisa tabibu wamefundishwa na wanaifanya. Kwa hiyo mtu asikuambie mtoto wako ni wa kufichwa ndani.

Sasa viatu.

Hogo likiisha, mtoto anavishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala tu mpaka afike miaka 4 hivi. Asipovaa, miguu inapinda tena. Hilo walituimbia mpaka tukalikariri. Ila mtoto anakua na viatu havikui! Vidole vya wangu vikaanza kuchungulia nje, kisigino kikachubuka, usiku hatulali. Nikaenda. Dirishani naambiwa saizi imekwisha, njoo mwezi ujao. Mwezi ujao, jibu lilelile. Mvua zimeanza, zimekatika, saizi hakuna, na mguu wa kushoto nauona kwa macho yangu unarudi ndani.

Viatu vilipopatikana, dada wa zamu akaushika ule mguu, akaigeukia foleni nzima: "Mnaona? Hawa ndio wale wamama, mtoto akilia kidogo wanamvua. Kazi yetu yote imeharibika."

Mbele ya watu! Nikamwambia, "Dada, fungua kadi usome, mmeandika wenyewe kwamba saizi hakuna." Kadi hakuigusa. Akaita, "Anayefuata." Na pale palikuwa na baba mmoja ambaye mtoto wake mguu umerudi vilevile, yeye aliambiwa pole na akapewa kiti. Nimeliona hilo.

Nilitoka nikisema sirudi, na niliyeonana naye njiani nilimwambia asiende. Lakini nirudi wapi? Mtoto ni lazima afungwe hogo upya, na mikono ninayoiamini iko humohumo. Aliyemfunga hata hakuniuliza nani kakosea, alisoma kadi, akatikisa kichwa, akaanza kazi. Yule ningempa nyota tano peke yake.

Mwenye kichanga, nenda, tena wahi. Ila siku unapopewa viatu vya kwanza usiondoke mpaka wakuonyeshe saizi inayofuata ipo stoo, na kila ukikosa, mwambie aandike kwenye kadi na asaini. Wakikununia, wanune.

Nilianza kuandika nikiwa na nyota nne kichwani. Hapana. Hili hogo la pili mwanangu amevalishwa kwa sababu ya stoo yao, na hakuna hata mmoja aliyesema samahani. Mbili. Na hizo mbili ni za chumba cha hogo, dirishani wasizihesabu.