Semina ya sheria kwa wanaokwenda Ghuba: asubuhi ingefutwa, alasiri ingeongezwa

Mtoto wa dada yangu amepata ajenti wa kumpeleka Riyadh. Cheti cha mafunzo cha NITA anacho, vipimo vya hospitali amepita, sasa visa ndiyo inayongojwa. Semina hii nilimlipia mimi, na kwa kuwa niliwahi kufanya kazi za ndani huko huko Saudia, nikajilipia na mimi nikaketi kando yake. Shilingi 1,500 kwa kila mtu, chai na mahamri ndani yake. Kituo sikitaji jina, maana nina ya kulalamika. Ni ukumbi wa juu ya duka la vitambaa hapa Mombasa, feni mbili, moja inazunguka. Somo lenyewe liliandikwa kwenye tangazo: sheria za unyanyasaji wa kingono katika nchi za Kiarabu.

Mwalimu wa asubuhi ni kijana aliyesomea sheria, na sheria anazijua. Tatizo lake ni kwamba alitaka tujue anazijua. Alianzia Tunisia, Sheria Namba 58 ya 2017, akaingia Moroko na Sheria 103-13 iliyoanza kutumika Septemba 2018, kisha akakaa Misri muda mrefu. Yale ya Misri mimi yalinivutia, sisemi uongo: kwamba hadi 2014 hakukuwa na kifungu kilichotaja kosa hili waziwazi, na kwamba 2021 walilipandisha likawa kosa kubwa la jinai, kifungo miaka 2 hadi 4 na faini kuanzia pauni 100,000. Lakini nilitazama ukumbi mzima. Hakuna hata msichana mmoja pale aliyekuwa akienda Cairo wala Tunis. Walikuwa wa Saudia karibu wote, wachache Qatar na Kuwait, na mmoja wa Lebanon aliyekuja na mtoto mgongoni.

Huyo wa Lebanon ndiye aliyeuliza swali la maana zaidi asubuhi ile. Mwalimu alikuwa amesifu sheria yao ya Desemba 2020, ambayo kifungo chake kinaweza kufika miaka 4. Dada akauliza: na mimi wa ndani nimo? Jibu lilizungushwa. Ukweli ni kwamba sheria ya kazi ya Lebanon inawaacha nje wafanyakazi wa nyumbani tangu 1946, kwa hiyo anayebaki naye ni polisi na mahakama ya jinai, na kibali chake cha kukaa kiko mikononi mwa bosi yule yule ambaye yeye anamshitaki. Mwalimu angesema hivyo kwa sentensi moja, dada angejua pa kusimama. Akaambiwa "sheria inamlinda kila mtu".

Saudia ilipofika, nilivaa miwani. Sheria yao dhidi ya taharrush, yaani unyanyasaji wa kingono, ilitoka Mei 2018, na imeandikwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Inahesabu neno, kitendo na hata ishara yenye maana ya kingono, na inataja simu na mitandao. Adhabu ya kawaida inafika miaka 2 na riyali 100,000. Inapanda hadi miaka 5 na riyali 300,000 ikiwa mkosaji ana mamlaka juu ya aliyekosewa, au kosa limetendeka mahali pa kazi. Sasa nyumba ya mtu, kwa shaghala, mfanyakazi wa ndani, ni nini kama si mahali pa kazi? Hapo mwalimu alinifurahisha, alilieleza taratibu na akalirudia. Akaongeza jambo ambalo enzi zangu hakuna aliyeniambia: mwanamke akiondoa malalamiko yake, serikali bado inaweza kuendelea na kesi kwa manufaa ya umma. Wanaojua Riyadh wanajua kwa nini hilo ni kubwa. Kule mtu anapewa tiketi ya ndege na mshahara wa miezi miwili ili aseme yaliisha nyumbani.

Halafu akaharibu. Muda mzuri wa kabla ya chai ulikwenda kwenye mavazi: nguo ndefu, usicheke na baba wa nyumba, usimtazame machoni. Mimi niliinua mkono. Nikamwomba anionyeshe kwenye sheria aliyotusomea neno nguo liko wapi. Halipo. Jalabia zangu za Riyadh zilikuwa zikifagia sakafu, na kijana mkubwa wa nyumba ile alikuwa akijisimamisha kwenye mlango wa jikoni ili nipite nikimgusa. Heshima ya mavazi ni jambo jema na mama zetu walitufunza, ila kulifundisha ndani ya somo la sheria ni kumwambia msichana mapema kwamba yakimpata atafute kosa lake.

Kosa la pili la asubuhi ni zito zaidi, na kwa hili naomba kituo kibadilishe kabisa. Wasichana waliambiwa: "Akianza, toa simu urekodi." Basi. Saudia ina sheria ya makosa ya mtandao ya 2007, na ndani yake kutumia kamera ya simu kuingilia faragha ya watu ni kosa la kifungo hadi mwaka 1 na faini hadi riyali 500,000. Emirati nao wana yao, kali. Sisemi mtu asijitetee. Nasema anayemfundisha mwanamke kurekodi ndani ya nyumba ya watu ampe na upande wa pili, ajue kwamba video ile ile inaweza kuwekwa mezani dhidi yake, na kwamba akiisambaza TikTok kabla ya kufika polisi amejifungia mlango.

Baada ya swala ya adhuhuri akaja mwalimu wa pili, na hapa ndipo fedha yangu iliporudi. Ni mama wa makamo aliyekaa Kuwait miaka mingi. Hana slaidi, hana suti. Alivuta meza katikati, akaketi kama afisa wa polisi, akaita mmoja mmoja: njoo ushitaki.

Wa kwanza alisema "baba ananisumbua". Afisa akafunga daftari. "Anakusumbua kwa kazi nyingi? Nenda ofisi ya kazi." Ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza. Akamrudisha: siku gani, chumba gani, mkono ulishika wapi, alisema nini kwa maneno yake, nani alikuwa nyumbani. Na usiongeze hata punje, akasema, kwa sababu ile sheria ya Saudia ina kifungu juu ya anayeshitaki kwa uongo na nia mbaya, anaweza kupewa adhabu ambayo angepewa mshitakiwa. Mtoto wa dada yangu alirudishwa mara kadhaa. Mwisho akatoa maelezo mafupi, makavu, bila kulia.

Mama huyu ndiye aliyezungumza hurub, ile ripoti ya kutoroka, kama inavyopasa. Ukitoka nyumbani kwa kafili, mwajiri anayekudhamini, bila mpango, anaweza kukuripoti umetoroka, na kuanzia hapo polisi anakuona mtoro kabla ya kukuona mtu aliyedhulumiwa. Kwa hiyo ukitoka, toka ukiwa unajua unakwenda wapi moja kwa moja: kituo cha polisi, ubalozi, au hospitali ukiwa umeingiliwa. Usioge, usifue nguo. Alisema pia lile ambalo watu huliogopa: kwamba mwanamke aliyebakwa akichelewa kusema, kisha mimba ikaonekana, anaweza kujikuta yeye ndiye anayeulizwa kuhusu zinaa. Na jiandae kwa kesi ya wizi, dhahabu ya madam hupotea siku unayoshitaki. Dawa yake ni ndogo: picha za pasipoti, iqama (kibali cha kukaa) na mkataba ziwe kwa mtu wa nyumbani tangu siku ya kwanza, na kila tukio ulitume kwa ujumbe siku hiyo hiyo, na ujumbe wa huyo bwana usiufute.

Kuhusu Kuwait kwenyewe alikuwa mkweli. Alisema sheria yao ya 2015 ya wafanyakazi wa nyumbani ni nzuri kwa saa za kazi na siku ya mapumziko, lakini alipoishi kule hapakuwa na sheria iliyosimama peke yake juu ya unyanyasaji huu, vilikuwapo tu vifungu vya jinai vya zamani. Alisimulia 2021, wanawake wa Kikuwaiti walipojitokeza na kampeni ya Lan Asket, sitanyamaza, kusema wanavyofuatwa barabarani. "Wao wenyewe, wenye nchi," akasema, akatutazama.

Kijitabu wanachotoa ni cha Kiswahili safi na kinastahili kuwekwa ndani ya begi la mkononi. Kanuni mpya za Saudia za wafanyakazi wa nyumbani, zilizoanza kutumika Oktoba 2024, zimo, jambo ambalo sikulitarajia. Kadi ya namba za dharura ina herufi ndogo mno, waichape upya. Choo ni kimoja. Mahamri yalikuwa ya jana.

Kama una binti anayesafiri, mlipie, lakini piga simu kwanza uulize yule mama wa Kuwait atakuwepo siku hiyo. Niliuliza kama mtu anaweza kuja alasiri tu kwa nusu bei. Wamekataa. Mimi bado nitamleta mdogo wa huyu mtoto wa dada yangu ikifika zamu yake, na tutakuja saa saba.