Nilipeleka kaye (daftari) yangu kupigisha ku kompyuta kule Nyawera: nyota 3, na bado naandika na biki

Wenye tunaandika hapa Bukavu tunajua hizi sekretaria, vyumba vya kupigishia maandiko, ziko kila kona, Nyawera, karibu na ISP, chuo ya walimu, Kadutu, mashine za kompyuta mbili tatu, imprimante moja, fotokopi inalia tangu asubuhi. Jina ya ile nilikoenda naiacha, sitaki kuharibia mtu mkate yake. Lakini vile ilienda naisema, juu kuna mtu ataenda na kaye yake kama mimi.

Mimi naandika na mkono. Hii ilikuwa teatre ya kikundi yetu ya Kadutu, mambo ya mama mmoja muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, na shemeji yake mwenye anakopa kila siku, kurasa 62 za kaye kubwa. Na musiseme ni umasikini, mashine niko nayo, niliinunua okazio, imeshatumika, dola 150, ilitoka Ujerumani na klavye, vibonye vya kuandikia, ya kule, na vidole vyangu vilijifunzia klavye ya Kifaransa, sasa nikitaka kuandika "mama" inatoka "öqöq". Utaliza watu na öqöq? Mudogo mmoja alinibadilishia ku parametre, herufi zikaanza kutoka vizuri lakini hazifanane tena na zile zimeandikwa juu ya vibonye, ukiangalia chini unapotea, ukiangalia ku skrini unapotea. Batri nayo inashika dakika 40. Umeme wa kwetu sina haja ya kuueleza.

Biki haingoje umeme. Ile ya plastiki ya pembe sita, Wafaransa waliitoa mu 1950 na mpaka leo sura ni karibu ile ile, kitundu ubavuni hewa iingie wino isigome, na tundu juu ya kifuniko ili mtoto akikimeza apumue. Lakini sababu yangu ya kweli haiko bei. Ni kufuta. Na mkono unapiga tu mustari juu ya neno, neno linabaki pale chini linakutazama. Kwa sehemu ya matanga nilikuwa nimekata maneno ya bibi mzee, "hata sambaza wanajua nani amekufa", niliona kama ni kujionyesha, kiisha wiki mbili narudia kaye nikaona hapana, bila hii matanga yote ni baridi, nikairudisha. Ku mashine ingekuwa imeenda zamani, ile kurudisha nyuma ya Word inakumbuka tu mpaka ufunge, ukifunga kwisha. Kitu ingine, mkono unachoka, na ukichoka hauandike maneno ya bure. Ku klavye mimi naropoka sana, kurasa tano na hakuna kitu imetokea.

Sasa sekretaria yenyewe. Nilifika siku mbaya, wakati ya TFC, ile kazi ya kumaliza chuo, wanafunzi wamejaa mpaka nje, nikangoja masaa tatu nimesimama. Bei franga 500 ukurasa. Ukurasa ya nani? Hapo ndipo nilipigwa! Nilifikiri wanahesabu ya kaye, kumbe ni ile inatoka ku mashine, na kijana alikuwa ameshaanza na herufi za ukubwa 14, mistari imeachana sana kama barua ya mtoto. Nikamwambia arudishe 12, akarudisha bila kununa, lakini ningekuwa sikukaa pembeni yake ningelipa karibu mara mbili. Ulizeni mbele.

Kijana yenyewe ni fundi, vidole kumi, haangalie chini. Shida yake moja, anasahihisha.

"Yaya, umeandika bintu. Haiko Kiswahili, ni vitu."

"Mudogo, huyu mama ameuza sambaza miaka makumi mbili, ulimusikia lini akisema vitu?"

Akacheka, akarudisha bintu. Lakini nilipotoka kununua maji, nakuta kila "njo" imekuwa "ndiyo", watu wangu wa Kadutu wanaongea kama radio. Tukaanza upya kurasa nne, hizo hakunilipisha, namsifu kwa hiyo. Na Word yao iko ya Kifaransa, mustari nyekundu chini ya kila neno langu, mwanzo mpaka mwisho, nilijiona kama niko darasa la pili.

Flashi sasa. Nimefika nyumbani, naifungua, dosie zote zimegeuka rakursi, vile vialama vya njia ya mkato, virisi ya pale pale. Zilikuwa zimefichwa tu, tukazitoa, lakini usiku mzima sikulala. Hapo nyota moja imeenda. Ya pili imeenda na yale masaa tatu.

Zile tatu zimebaki juu ya nini? Nilipoona maneno yangu yamepigwa safi, ndipo nikaona ukurasa mmoja una "basi" mara tisa. Tisa! Mu kaye sikuiona, juu maandiko yangu nayapenda, kila basi iko na mkia yake. Karatasi ya mashine haikupende, unakata bila huruma, nikakata kurasa sita siku ile ile na teatre ikaanza kutembea. Hiyo kazi ya kukata, biki haikunisaidia.

Na ile ya kukaa pembeni ya mtu anakusomea kitu yako mara ya kwanza, sijui kama hiyo wanailipisha popote. Kijana alifika pale shemeji anaapa jina la marehemu ndugu yake ili akopeshwe tena, vidole vikasimama, watu nyuma yetu wanalalamika, yeye ananigeukia: "Yaya, na huyu atalipa kweli?"

Nitarudi, lakini saa mbili ya asubuhi, kwa kijana yule yule, na atanitumia faili ku WhatsApp, flashi inabaki nyumbani. Jibu ya swali yake iko mu kaye mpya, bado nusu.