Chupa tatu za Ufaransa ndani ya soksi: Bordeaux, Côtes du Rhône na Châteauneuf-du-Pape

Haya, karibuni. Mezani kwangu kuna chupa tatu na zote zimevaa soksi. Soksi safi, msiogope, mke wangu amezikagua. Tumeficha lebo ili mtu asisifie mvinyo kwa sababu ameona bei.

Niko Lyon, mtaa wa Guillotière, na jana usiku tulikuwa watano: mimi, mke wangu ambaye ni Mgogo aliyekulia karibu na mizabibu ya Makutupora, kaka yake yaani shemeji yangu, dada mmoja wa Bukavu anayesoma lebo za Kifaransa kama Baba Yetu, na kaka mmoja aliyekulia Pemba. Huyu wa Pemba mkumbukeni.

Kwa nini chupa hizi tatu? Kwa sababu kila wiki mtu ananiuliza, "Mvinyo huu ni wa zabibu gani?" Ukishika chupa ya Afrika Kusini, jibu liko usoni pake: Merlot, Shiraz, limeandikwa kwa herufi kubwa. Mfaransa anakuandikia jina la mahali tu, Bordeaux, halafu anakuacha hapo kana kwamba umezaliwa jirani yake. Na mara nyingi jibu la kweli ni kwamba zabibu si moja. Ziko mbili, tatu, hata zaidi.

Hapo ndipo watu wanakunja uso. "Kumbe wamechanganya!" Jamani, kuchanganya si kuchakachua. Kwa kawaida kila aina inavunwa ikiiva na kuchachushwa peke yake. Baadaye watu wanakaa na glasi na vipimo, wanaonja, wanajaribu, hii kidogo, ile zaidi, hadi waridhike. Wenyewe wanaita assemblage. Hakuna anayekula pilau akauliza ni ya kiungo gani.

Tuanze na soksi nyekundu. Nilinunua yuro 10, Bordeaux kutoka Blaye, ng'ambo ya kulia ya mto mpana wa Gironde. Na hapa niseme ukweli: chupa ya kwanza tuliyofungua tuliimwaga. Ilinuka katoni iliyonyeshewa. Huo ni ugonjwa wa kizibo. Ukungu fulani kwenye gome linalotengenezea vizibo huacha kemikali, na kidogo sana ya hiyo kemikali kinatosha kuua harufu ya chupa nzima. Haidhuru afya, lakini hainyweki kwa raha. Ukikutana nayo rudisha dukani, usione haya. Mimi nilikuwa nimenunua mbili, nikafungua ya pili.

Ya pili ikawa nzuri. Rangi ya zambarau hasa, na harufu yake pia. Wachambuzi wa huku watakutajia matunda ya baridi ambayo mimi nimeyafahamu nikiwa na ndevu. Mimi nasema zambarau, ile inayokuachia ulimi wa buluu. Ukimeza, unapata ukakasi. Dada wa Bukavu akasema, "Hii inakamata ulimi, ndugu yangu." Ndiyo hiyo. Ni ukakasi wa bibo, wa chai ya rangi iliyosahaulika na majani yake. Inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Wengi wanaonja hapo wanasema mvinyo mbaya, wanaacha. Subiri. Tulileta mishkaki yenye mafuta mafuta, tukaonja tena, ukakasi ukalainika wenyewe.

Halafu yule wa Pemba akanyamaza. Akanusa, akanusa tena. Akasema, "Nani kaweka karafuu humu?"

Tukacheka, tukadhani ni mishkaki. Akasogeza sahani mbali, akanusa glasi peke yake. "Karafuu. Mimi nimeianika, siwezi kudanganywa." Na hakukosea! Mvinyo ule ulikuwa umekaa kwenye mapipa ya mwaloni, na mapipa yale huchomwa moto kwa ndani yanapotengenezwa. Mti ule una eujenoli, kitu kilekile kinachoipa karafuu harufu yake. Kwa hiyo mtoto wa Wete ana pua ambayo mwanafunzi wa mvinyo wa Paris anailipia ada. Nimefanya hii kazi ya kuonja miaka kadhaa, na karafuu nilikuwa nikiisoma tu, sijawahi kuisikia mpaka jana aliponionyesha.

Sasa, kwa nini Bordeaux wanachanganya? Hofu ya mvua. Wako karibu na Atlantiki, na mvua ya vuli ikija kabla ya mavuno imekula kwako. Merlot inaiva mapema, Cabernet Sauvignon inachelewa. Mkulima akiwa na zote mbili, ni kama yule wa Dodoma anayepanda mahindi lakini mtama haachi. Mwaka ukiikataa moja, nyingine itamsitiri. Baadaye wakaona kwamba ladha nayo inafaidika: Merlot inaleta unono, Cabernet Sauvignon inaleta mifupa. Ng'ambo ya kushoto, kule Médoc, ardhi ni ya kokoto, inapata joto, Cabernet ndiyo bwana. Ng'ambo ya kulia, Saint-Émilion na Pomerol, kuna udongo wa mfinyanzi mwingi zaidi, Merlot inatawala. Ukikumbuka hilo peke yake, tayari unaweza kusimama mbele ya rafu ya duka bila kutetemeka.

Soksi ya kijani: Côtes du Rhône, yuro 9. Hii ni ya jirani zetu. Mashamba yake yanaanzia Vienne, kilomita kama 30 kusini mwa Lyon, yanateremka na mto hadi Avignon, ingawa chupa nyingi za bei hii zinatoka huko chini kwenye jua. Hapa aina kuu za zabibu ni tatu. Grenache ni wali wenyewe: imejaa, ina utamu wa tunda lililoiva, inapenda joto. Syrah ndiyo viungo na rangi. Mourvèdre ni nyama, inaleta uzito, na inasaidia kwa sababu Grenache peke yake huchuja haraka ikipigwa na hewa.

Mke wangu alisema neno moja: pilipili manga. Na si kisingizio cha kishairi. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kwamba harufu ya pilipili kwenye Syrah inatoka kwenye kitu kinaitwa rotundoni, na kipo kwenye pilipili manga yenyewe. Kwa hiyo pilau na Côtes du Rhône ni ndugu wa damu. Tulikula hivyo, sufuria ikaisha.

Shemeji naye akapiga meza: "Hii ndiyo ya bei mbaya! Naapa!" Tuliiacha hivyo kwanza.

Soksi ya tatu, nyeusi. Châteauneuf-du-Pape, yuro 36, na ninazihesabu moja moja. Mapapa wa Kanisa Katoliki walihamia Avignon mwaka 1309 wakakaa hadi 1377, na ngome yao ya kijijini ndiyo imebaki kwenye jina. Chupa nyingi za huko zina nembo ya Papa na funguo zimechongwa kwenye kioo. Masharti yao ya mwaka 1936 yaliruhusu aina 13 za zabibu kwenye mvinyo mmoja. Kumi na tatu! Lakini hakuna anayelazimishwa kutumia zote, na wengi wanaegemea Grenache. Shamba nyingi zimefunikwa na mawe makubwa ya mviringo, jua linayachoma mchana, usiku yanarudisha joto kwa mizabibu. Na nikiwa hapo hapo: mwaka 1954 meya wa kijiji hicho alipiga marufuku visahani vya anga za mbali kutua kwenye eneo lake. Agizo halisi, la maandishi. Sijui kama waliotoka huko angani walipata nakala.

Ladha? Nzito, ya moto, asilimia 14.5 ya kilevi, tunda lililopikwa, majani makavu ya porini. Nzuri sana. Lakini je, ni mara nne ya ile ya yuro 9? Watu watano walipiga kura kabla ya kuvua soksi. Watatu wakaipa ushindi Côtes du Rhône, mmoja Bordeaux, na mmoja Châteauneuf. Huyo mmoja ni mimi, na nakiri niliitambua kwa umbo la chupa kupitia soksi, kwa hiyo kura yangu ifuteni. Shemeji alipoona bei akabadilisha maneno: "Nilisema ina hadhi ya bei mbaya."

Nashauri hivi. Unayeanza, chukua Côtes du Rhône. Bordeaux ya yuro 10 nunua ukiwa na nyama, bila nyama itakuchosha. Châteauneuf ingoje harusi, au mtu mwingine alipe.

Mlio Dar, Mombasa, Muscat, mtaniandikia mmejaribu mkaona mvinyo, kwa joto la huko, umekuwa kama dawa ya kikohozi. Lebo ikisema unywe kwenye joto la chumba, inazungumzia chumba cha Ulaya cha zamani, nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Kinondoni haimo. Weka kwenye friji nusu saa kabla, hata kama ni mwekundu. Jaza glasi theluthi tu ili harufu ipate nafasi, na wekeni ndoo ya kutemea. Tulipoanza kutema, shemeji alisema ni dhambi. Hakutema, na chupa ya tatu hawezi kuisimulia vizuri.

Mliokulia kanisani mnajua neno divai. Limetoka kwao hawa hawa, du vin, na sisi tumelisema madhabahuni miaka yote.

Chupa tupu ya Papa imeshaondoka. Shemeji ameichukua kwa sababu ya zile funguo, anasema atawekea mafuta ya nazi. Nimemwambia baridi ya Lyon ikija yataganda na shingo ile nyembamba hayatoki. Amesema nimemwonea wivu.