Mizani ya msokoto ya mezani: kuuona uvutano kwa matufe ya risasi

Uvutano wa Dunia kila mtu anaujua. Lakini kwamba vitu viwili vya kawaida juu ya meza navyo huvutana, hilo halionekani kwa macho, na hapo ndipo seti hii ina thamani: ni mizani ya msokoto, yaani mvuto mdogo sana husokota utepe, nasi tunaupima msokoto huo. Ndani ya kisanduku cha kioo unaning'inia ufito mwepesi kwa utepe mwembamba wa shaba nyeusi, kila ncha ina tufe la risasi (madini, si ya bunduki) la gramu 15, sentimita 5 kutoka katikati. Nje ya kioo hukaa matufe mawili ya kilo 1.5. Ndio mpango alioutumia mwanasayansi Mwingereza Henry Cavendish mwaka 1798. Matufe yake makubwa yalikuwa na kilo 158 kila moja, na vipimo alivisoma kwa darubini akiwa nje ya chumba ili asivuruge hewa.

Tufe dogo na kubwa yakiwa sentimita 4.7 kati kwa kati, uzito wa tufe dogo unaishinda kani inayopimwa, yaani mvuto kati yao, kama mara milioni 200. Ndiyo maana upepo wa feni, jua la dirishani au hatua za mtu anayepita vyote huharibu kipimo. Weka mizani kwenye meza iliyoshikamana na ukuta, isawazishe, unganisha kisanduku na waya wa ardhini kuondoa umeme tuli, kisha fungua skrubu za kufungia ufito na uiache hadi siku ya pili. Kuihamisha skrubu zikiwa zimelegea ndiko kunakokata utepe.

Mwanga wa leza huakisiwa na kioo kidogo cha kujitazamia kilichobandikwa kwenye ufito hadi ukutani, mita 5. Hamishia matufe makubwa upande wa pili polepole. Yakigonga kisanduku, unaanza upya. Nukta ya mwanga huyumba, kila bembea kama dakika 10, na ikitulia huwa imesogea takriban sentimita 15.

Kinachotafutwa ni G, namba isiyobadilika inayoeleza nguvu ya uvutano. Hesabu ni G = π²b²dS ÷ (MT²L): b ni umbali wa kati kwa kati, d nusu ya ufito, S msogeo wa nukta, M tufe kubwa, T muda wa bembea, L umbali wa ukuta. Uzuri wake ni kwamba tufe dogo halimo kabisa. Ubaya wake ni b na T kuwa vipeo vya pili: ukikosea T kwa asilimia 2, G inakosewa kwa 4. Pima bembea tatu mfululizo, si moja.

Wengi hukwama kwenye jibu la 6.2 × 10⁻¹¹ na kulaumu kifaa. Kifaa hakina kosa: kila tufe kubwa huvuta pia tufe dogo la mbali, kinyume. Gawanya jibu kwa 0.92, utaikaribia 6.67 × 10⁻¹¹.

Kwa kipindi kimoja cha darasani haifai. Kwa maabara yenye chumba tulivu cha kuiacha siku mbili, tunaipendekeza bila kusita, pamoja na utepe wa akiba. Na risasi ni sumu: nawa mikono baada ya kuishika.