Uzoefu wangu na shule ya Montessori yenye kabati la kufuli

Naandika nikiwa na hasira na sitaki kusubiri zipoe. Kama unamtafutia mwanao chekechea ya Montessori hapa Dar, yaani ile ambayo mtoto hujifunza kwa kuchagua na kushika vifaa mwenyewe, kabla hujauliza ada, kabla hujauliza basi la shule linapita wapi, omba uingie darasani siku ambayo hawakutegemei. Ukiingia, angalia kwanza kama kabati la vifaa lina kufuli.

Shule siitaji jina, wenyewe wanajijua.

Kabati la kwetu ni la vioo, limesimama ukuta wa nyuma, refu kuliko mwalimu. Ndani yake kuna kila kitu nilichoonyeshwa siku ya kuandikisha: mnara wa waridi, zile buloku kumi za mbao zinazopungua kutoka sentimita 10 hadi sentimita moja, shanga za rangi ya dhahabu za kuhesabia, na zile mbao zenye matundu ambamo mtoto anatumbukiza silinda moja moja, akikosea anabaki na silinda isiyoingia popote, anajisahihisha bila kufokewa na mtu. Nilielezwa yote hayo vizuri sana. Nililipa siku hiyohiyo.

Sasa siku moja, mwezi uliopita hivi, nilimfuata mwanangu mapema kwa sababu tulikuwa na miadi kliniki. Mlinzi ananifahamu, akanipitisha. Nikafika mlangoni pa darasa. Watoto wamekaa mistari, mikono imekunjwa kifuani, wanaitikia a, e, i, o, u kumfuata mwalimu aliyeshika rula. Mwanangu hakuwa kwenye mstari. Alikuwa amesimama mbele ya kabati, kidole juu ya kioo, anahesabu zile buloku kuanzia kubwa ya chini kwenda juu. Na kile kioo, sehemu ya chini yote, usawa wa vimo vya watoto, kilikuwa kimejaa alama za vidole. Juu, usawa wa watu wazima, kilikuwa kinang'aa.

Hajafika nne, mwalimu akapaza sauti: "We! Toa mkono hapo, rudi ukakae!" Mtoto aliruka kwa kushtuka.

Nikaenda ofisini. Nilimwamkia mwalimu mkuu shikamoo, akaitikia macho yakiwa kwenye simu. Nikauliza kwa nini kabati limefungwa wakati watoto wapo. "Mama, vile vifaa ni ghali, vinatoka nje. Watoto wanapoteza vipande." Nikasema basi naomba lifunguliwe kidogo sasa hivi, nikae pembeni nimwone mwanangu anavyovitumia. Ndipo akainua uso. "Ufunguo anao meneja," akasema. "Na leo hatuna wageni."

Leo hatuna wageni! Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo. Yaani vifaa ni vya wageni. Mtoto ninayemlipia ada, anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi, si mhusika.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba habari ya kabati ndiyo asili ya mambo yote haya. Maria Montessori alikuwa daktari wa Kiitaliano. Nyumba yake ya kwanza ya watoto ilifunguliwa Roma mwaka 1907, mtaa wa San Lorenzo, kwa watoto wa wafanyakazi maskini, si wa matajiri. Mwanzoni vifaa vilifungiwa kabatini na mwalimu ndiye aliyegawa. Montessori mwenyewe alisimulia kwamba siku moja mwalimu alichelewa, na jana yake alikuwa amesahau kufunga. Alipofika alikuta watoto wamefungua kabati, kila mmoja amechukua anachokitaka na yuko kazini. Mwalimu aliona ni wizi, akataka waadhibiwe. Montessori aliona watoto wanaojua wanachokihitaji. Baadaye kabati likaondoka, zikaja rafu fupi zilizo wazi, zinazofikika na mtoto wa miaka mitatu. Shule yangu imesoma hadithi hiyo ikachukua upande wa yule mwalimu.

Wala hakuna wa kuwazuia. Chama alichokianzisha Montessori mwaka 1929 kinatoa vyeti vyake kwa walimu, lakini jina lenyewe halina mwenyewe. Yeyote mwenye nyumba, bembea na rangi anaweza kuliandika getini.

Lakini haki niiseme, mbinu hii sina ugomvi nayo hata chembe. Mwanangu alipoanza, darasa lilikuwa na mwalimu mwingine, binti aliyesomea Montessori kwa masista Lushoto. Yeye hakuwa na ufunguo pia. Alichofanya, alinunua msasa duka la vifaa vya ujenzi, akakata herufi moja moja kwa mkasi, akazibandika kwenye vipande vya katoni. Mtoto anapitisha vidole viwili juu ya herufi huku anatamka sauti yake, "mmm", "bbb", ule mkwaruzo unamwambia njia ya kufuata. Alileta maharage na vijiko kutoka kwake, majagi madogo mawili ya plastiki, kitambaa cha kufutia. Wakubwa wa miaka mitano waliwaelekeza wadogo wa mitatu, yeye amekaa chini kwenye mkeka, anatazama, anaandika kwenye kidaftari chake.

Nyumbani niliona matunda. Mtoto akawa anamimina maji mwenyewe, yakimwagika anafuata kitambaa bila kutumwa. Asubuhi moja niliinama kumfunga vifungo vya shati, akaushusha mkono wangu taratibu: "Mama, acha, mimi." Basi lilitusubiri, na konda alilalamika, na mimi sikujali. Jioni nyingine tuko kituoni, akanyoosha kidole kwenye daladala: "Bu-gu-ru-ni." Hakuna aliyemfundisha neno hilo! Nilimbeba nikamzungusha pale pale mbele za watu.

Kwa hiyo nikisema shule ni mbaya nitakuwa namdhulumu yule binti. Kwa muda ule, ningempa kila mtu namba ya shule ile.

Kisha kikakaa kikao cha wazazi. Baba mmoja alisimama na daftari la mwanawe mkononi: mbona halina vema hata moja, tunalipa ili watoto wachambue maharage? Wengine wakamuunga mkono. Siwalaumu sana. Shule nyingi za msingi za kulipia zinamfanyia mtoto usaili kabla ya darasa la kwanza, na usaili hauulizi kama anajua kufuta maji. Hofu ile naielewa. Uongozi ndio siuelewi. Walichapisha wenyewe kwenye kipeperushi kwamba mtoto huongoza na mwalimu hufuata, halafu pale ukumbini hakuna aliyefungua mdomo kuitetea kauli yao. Muhula haukuisha, binti hayupo, rula ipo.

Wasiniambie gharama. Nakuru, Kenya, kuna shule ya Montessori inayoitwa Corner of Hope, iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa kambi ya watu waliofurushwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Kama mtoto wa kambini anaaminiwa kushika kifaa, wa kwangu anakatazwa kwa sababu gani?

Niliandika barua. Jibu lilikuja kwamba kuanzia sasa kabati litafunguliwa Ijumaa, kwa zamu, chini ya usimamizi. Zamu! Utaratibu wenyewe unataka saa tatu mfululizo kila asubuhi bila kumkatiza mtoto, hawa wananipa Ijumaa. Nilikuwa nimeshaanza kulainika, nikiwaza marafiki zake, nikiwaza usumbufu wa kuhama katikati ya mwaka. Jibu lile limenikata. Ada ya muhula ujao silipi.

Kama kuna mtu anajua yule mwalimu wa Lushoto anafundisha wapi sasa, tafadhali aniambie. Sitauliza getini pameandikwa nini. Hata kama ni Kibaha, mwanangu nitampeleka.