Boksi la kwanza la kebo: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Fundi kompyuta anayeanza kujitegemea Unguja, bisibisi na flashi ya Windows kwa kawaida anazo tangu zamani. Kinachomtikisa mfuko ni boksi la kebo ya mtandao la mita 305, siku anapopata kazi ya kwanza ya kutandaza: duka la Darajani linataka kamera, nyumba ya wageni ya Paje inataka Wi-Fi ifike vyumba vya nyuma, skuli ya shamba ina kompyuta zisizoonana. Maboksi yanafanana, bei zinapishana, na muuzaji anaapa yote ni Cat6 (Cat ni daraja la kebo, namba ikipanda uwezo unapanda). Kwa mwenye mtaji mdogo, mimi nazipanga hivi.

Nambari moja ni Cat5e ya shaba tupu yenye ganda jeusi la nje. Najua wapo watakaocheka. Lakini Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde mpaka mita 100, na intaneti ya wateja wako wengi haikaribii hapo. Ni laini, inapinda kwenye kona bila ugomvi, na vichwa vyake vya RJ45, vile vya kuchomeka mwisho wa kebo, ndivyo vya kawaida. Lile ganda jeusi ni la polithini, linastahimili jua. Kebo ya kijivu ya ndani ukiipitisha juu ya bati, ganda litakakamaa na kupasuka, kisha masika yakija maji yanaingia. Ukifanya kazi karibu na bahari nunua vichwa vilivyopakwa dhahabu, maana chumvi haina huruma, na kabla kebo haijaingia kwenye kamera ilegeze ining'inie chini kidogo ili maji yadondokee hapo. Baina ya jengo na jengo, shaba iache kabisa kwa sababu ya radi. Tumia faiba (kebo ya nyuzi za kioo) au antena mbili za kutazamana.

Cat6 ya shaba tupu ni ya pili. Waya wake ni mnene zaidi na inafika gigabiti 10 kwa mita 55 hivi, kwa hiyo ichukue pale kebo inapozikwa ukutani na hutaki kurudi kubomoa. Hakikisha vichwa ni vya Cat6, vile vya Cat5e mara nyingi havipokei waya mnene. Mji Mkongwe utaihitaji sana kebo, kwani kuta nene za mawe na chokaa zinameza Wi-Fi na kila ghorofa inataka kifaa chake. Ila usiwashe drili kwa pupa: mji ule ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, mwenye nyumba amalize kwanza suala la kibali.

Ya tatu ni ile yenye foili ndani ya kukinga mwingiliano wa umeme. Bila eathi ya kweli kuanzia kwenye swichi ya mtandao, umelipia foili ya kufungia samaki. Cat7 na Cat8 ziache dukani.

Ya mwisho, tena mbali na wenzake, ni CCA: alumini iliyopakwa shaba juu. Ndiyo inayouzwa sana kwa sababu ya bei, na testa (kifaa cha kujaribia kebo) ya bei rahisi haiikamati, taa zote nane zitawaka vizuri. Shida inakuja kamera inapopata umeme kupitia kebo hiyohiyo. Mchana picha safi. Jua likizama, kamera inawasha taa zake za kuonea gizani, inavuta umeme zaidi, na ikiwa iko mita 80 huko, umeme unaofika hautoshi: inazima, inawaka, inazima. Mteja atakupigia simu usiku kukwambia kamera ni mbovu. Utabadilisha kamera bure.

Kuikamata dukani si kazi. Nyanyua boksi, la shaba ni zito waziwazi. Soma maandishi ya ganda, wengine wanaandika CCA wenyewe. Kisha kwangua waya mmoja kwa kisu: ukiona cheupe ndani, rudisha. Kama unayo mita ya kupimia umeme, chukua kipande cha mita 100, unganisha nyaya mbili za jozi moja upande mmoja na upime ukinzani upande wa pili. Shaba ya Cat5e haizidi omu 19 hivi, alumini itapita 25. Angalia pia namba za mita zilizochapwa kwenye ganda. Tofauti ya mwanzo na mwisho ikuonyeshe 305 kweli.

Ndugu zangu wa Wete na Chake kule Pemba, fanyeni yote hayo kabla boksi halijapakiwa botini. Likishateremka Mkoani, nauli ya kulirudisha ni yako.