Lu rou fan karibu na stesheni kuu ya Taipei: agiza kisichoumia kwa kungoja

Bakuli dogo ni dola 45 za Taiwan. Dola moja ya huku siku hizi inacheza kwenye shilingi 80 hivi za Tanzania, kwa hiyo kwa chini ya buku nne unapata wali wa moto uliomwagiwa kitimoto kilichochemka mpaka kikakata tamaa. Hiyo ndiyo lu rou fan. Kama una mlo mmoja tu wa kula Taipei kabla ya kupanda ndege, kula huo.

Naandika kwa sababu wanaokuja huku kwa masomo au kununua mashine huniuliza swali lilelile: nile wapi nishibe bila kufilisika, na bila kukaa nusu saa nikibahatisha menyu ya Kichina? Jibu langu ni kumbi za vyakula. Ziko kwenye ghorofa za chini za maduka makubwa, kwenye stesheni za treni, hata hospitalini. Kibanda ninachokizungumzia kiko kwenye ukumbi mmojawapo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni kuu ya Taipei. Jina silitaji, maana nina sifa na nina malalamiko.

Usitarajie mandhari. Meza zimebanana, taa ni nyeupe na kali, trei zinagongana, wanafunzi wenye sare wanafanya hesabu huku bakuli limewekwa juu ya daftari. Upande mmoja wanauza wali wa mchuzi wa kari wa Kijapani, upande wa pili kuna mtu anakaanga nyama na kabichi juu ya bamba la chuma. Kila kibanda kina jiko ambalo watu watatu wakiingia hakuna wa kugeuka. Udogo huo wa jiko uweke akilini, kwa sababu ndio unaoamua ule nini na uache nini.

Kuagiza ni rahisi. Kuna skrini yenye picha na kitufe cha Kiingereza. Unabonyeza, unalipa kwa pesa taslimu au kwa EasyCard, kadi ileile ya kupandia treni za mjini. Unapewa kidude cha plastiki ambacho kikitetemeka na kuwaka taa ujue chakula kiko tayari. Kwa tambi utakaa nacho. Kwa lu rou fan kidude hicho ni mapambo tu, hujamaliza kurudisha kadi mfukoni bakuli limeshawekwa kaunta. Wali uko kwenye jiko la umeme, nyama iko kwenye sufuria kubwa tangu asubuhi. Kazi iliyobaki ni upawa mmoja.

Sasa nyama yenyewe. Ni sehemu ya tumbo la nguruwe, pamoja na ngozi na mafuta yake. Kuna wanaoisaga kwa mashine, na kuna wanaoikata kwa kisu vipande vyembamba vya urefu wa kama kucha. Hawa wanakata kwa kisu, na tofauti unaiona mdomoni, maana kila kipande kina tabaka zake tatu: nyama, mafuta, ngozi. Inakaangwa kidogo mpaka mafuta yatoke, inatiwa vitunguu vidogo vyekundu vilivyokaangwa vikakauka, sosi ya soya, pombe ya mchele, sukari, na mchanganyiko wa viungo ambao ndani yake kuna karafuu, mdalasini na kile kiungo chenye umbo la nyota. Kisha inaachwa kwa moto mdogo kwa masaa. Ukipita karibu na sufuria hiyo, karafuu na mdalasini na vitunguu vya kukaanga vinakujia kama pilau ya harusi imeivishwa nyuma ya ukuta. Mimi mara ya kwanza niligeuka kabisa kutafuta inatokea wapi.

Ngozi ndiyo siri. Ikichemka muda mrefu inatoa ute unaolifanya rojo liwe zito na la kunatanata, na Wataiwan wanaojua wali huu hupima ubora kwa midomo: ukimaliza kula, midomo ya juu na chini inatakiwa ishikane kidogo. Hapa inashikana. Chakula hiki kilianzia kwa watu wasio na pesa. Familia ilikuwa inachukua vibaki vya mchinjaji, ngozi na mafuta na vipande visivyouzika, inavikata vidogo na kuvipika na soya ya kutosha ili nyama kidogo iteremshe wali mwingi. Mpaka leo hesabu ni hiyohiyo. Nyama ni upawa mmoja, wali ni bakuli zima, na bado haupungukiwi na kitoweo.

Mchele ni mfupi na unanata. Kisiwa kilitawaliwa na Japani kuanzia 1895 hadi 1945, na katika miaka hiyo wataalamu wa kilimo walihangaika kupata mbegu ya mchele wa aina ya Kijapani itakayokubali joto la Taiwan. Mwaka 1926 mchele huo ukapewa jina la ponlai. Aliyezoea wali wa kuchambuka atalalamika kwa vijiko vitatu vya mwanzo. Cha nne atanyamaza, kwa kuwa rojo lile lingemwagwa kwenye wali wa kuchambuka lingeshuka lote chini na kukuachia wali mkavu juu. Huu unalishika. Pembeni wanakuwekea vipande vya figili ya njano, achari tamutamu yenye asili ya Kijapani pia, kwa ajili ya kukata mafuta. Zamani hapa walikuwa wanaweka vipande vitatu vinene. Siku hizi ni viwili, na ukiviinua unaona taa upande wa pili.

Ushauri wangu: chukua bakuli dogo, halafu ongeza vitu vya pembeni kutoka sufuria ileile. Yai dola 15, lililochemshwa, likamenywa, likarudishwa kwenye mchuzi mpaka likageuka rangi ya chai ya rangi nje na ndani. Tofu ya kukaanga dola 20, imejaa vitundu, ukiuma inamwaga mchuzi, kwa hiyo inama juu ya bakuli kama unalipenda shati lako. Kuna pia mwani uliofungwa mafundo, mnene na laini. Si mwani wa aina wanayolima akina mama wa Paje na Jambiani, huu ni wa majani mapana ya kahawia, lakini kila nikiula nawaza kwamba pwani yetu inavuna mwani kwa magunia na karibu wote unasafirishwa nje, na sisi hata mchuzi wake hatujawahi kuujaribu. Mboga za majani za kuchovya maji moto, dola 40, ni ghali kwa kilichomo na mara nyingi zimeshapoa. Ila bila mboga mlo huu wote ni kahawia.

Wataalamu wa kuuza watakushawishi uchukue seti: bakuli kubwa, mboga, supu na kinywaji, dola 160. Achana nayo. Bakuli kubwa la lu rou fan linachosha katikati, mafuta yanaanza kukuelemea. Wenyeji wengi wanachukua dogo, wakitaka zaidi wanarudi kuchukua dogo lingine. Supu pekee ningeitetea, ile ya vinyunya vya nyama ya nguruwe, mtindo wa mji wa Hsinchu: mchuzi mweupe mwepesi, majani ya kotimiri juu, na vidonge vya nyama iliyotwangwa mpaka ikawa inadunda chini ya jino.

Kanuni yangu katika kumbi hizi, basi, ni kuagiza chakula kisichoumia kwa kungoja. Sufuria ya nyama kadiri inavyokaa ndivyo inavyonoga. Vingine vyote vinataka mpishi mwenye nafasi, moto mkali na mteja aliyesimama mbele yake, na jiko la kibanda halina hata kimoja kati ya hivyo saa sita na nusu mchana foleni ikiwa imefika kwa jirani.

Ushahidi wa kwanza ni tambi za nyama ya ng'ombe, dola 220, chakula ambacho picha yake ndiyo kubwa kuliko zote juu ya kaunta. Hiki ni chakula chenye historia. Mwaka 1949 serikali ya China ya Chiang Kai-shek iliposhindwa vita bara na kuhamia kisiwani, ilivuka na watu zaidi ya milioni moja, wanajeshi na raia wa majimbo yote ya China. Inavyosimuliwa, ni wanajeshi wastaafu waliolianzisha bakuli hili jekundu, wakitumia rojo la maharage na pilipili la mtindo wa Sichuan, katika nchi ambayo familia nyingi za wakulima zilikuwa hazigusi nyama ya ng'ombe kwa heshima ya mnyama aliyewalimia. Leo ni fahari ya Taipei. Hapa kibandani? Nyama ni nzuri kweli, mishipa imelainika, kwa sababu nayo imengoja sufuriani. Lakini tambi zinachemshwa kwa mkupuo kabla ya wateja wa mchana, na zinapokufikia zimeshakata roho. Mchuzi una chumvi ya kukutuma maji hadi jioni. Kwa pesa hiyo toka nje, tembea mtaa mmoja au miwili, utapata duka linalouza tambi hizo tu, na mpishi atakuuliza unazitaka ngumu kiasi gani.

Ushahidi wa pili ni chapati ya mayai na chaza. Inatengenezwa kwa wanga wa viazi vitamu, na inapotoka kwenye chuma cha moto kingo zake zinatakiwa ziwe zimekauka na kuvunjika huku katikati ni laini. Niliyopewa hapa ilikuwa ute mtupu, pande zote, imefunikwa sosi nyekundu ya sukari ili usione. Ukitaka chaza, nenda soko la usiku la Ningxia, si mbali na stesheni. Utapanga foleni, lakini utamwona mpishi akiigeuza mbele yako.

Kuhusu huduma sina ugomvi mkubwa. Mama mwenye kibanda ana haraka lakini si mkali, na ukimwonyesha kwa kidole kwamba unataka rojo zaidi anaongeza bila kukutoza. Wikendi upawa hushikwa na kijana mmoja ambaye, sijui ni kwa kutojua au kwa maelekezo, anachota kutoka juu tu ya sufuria, yanakoelea mafuta. Nyama iko chini. Ukimkuta, omba akoroge kwanza. Ishara ya mkono wa kukoroga anaielewa vizuri sana.

Kwenye kioo cha kaunta kumebandikwa karatasi kwamba nguruwe ni wa Taiwan. Usidhani ni mbwembwe za biashara. Tangu Januari 2021, nchi ilipofungua mlango kwa nyama ya Marekani ya nguruwe waliolishwa dawa ya kuongeza nyama na kupunguza mafuta, kila mwenye mgahawa analazimika kuonyesha nguruwe wake ametoka nchi gani.

Hapo ndipo niwaambie ndugu zangu Waislamu waziwazi: kibanda hiki kipiteni mbali. Si suala la kuchagua yai na mboga, maana yai limelala kwenye mchuzi wa nguruwe, tofu hali kadhalika, na mboga zinamwagiwa upawa wa mafuta yaleyale juu. Ule mwani pia. Msikiti Mkuu wa Taipei, uliofunguliwa 1960, uko barabara ya Xinsheng Kusini, na mjini kuna migahawa ya Waislamu inayopika tambi za ng'ombe za halali. Mwenzangu mmoja wa Mombasa huwa ananipeleka kwenye mmoja wao, na tambi zake, nakiri bila kinyongo, zinazishinda za kibanda changu kwa mbali.

Kinywaji nunua kibanda cha jirani. Chai ya maziwa yenye punje nyeusi za wanga wa muhogo ilizaliwa Taiwan miaka ya 1980, na nyumba mbili za chai, moja ya Taichung na moja ya Tainan, mpaka leo zinagombea nani aliianza. Omba sukari robo. Sukari kamili ni ya watu wenye shida zao.

Na risiti usiitupe! Nyumbani tumeimbiwa na TRA "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" mpaka tumeikariri, na bado wengi tunaondoka bila. Taiwan walikuja na ujanja mwingine tangu 1951: kila risiti rasmi ina namba ya bahati nasibu ya serikali. Inachezeshwa kila baada ya miezi miwili, tarehe 25 ya mwezi wa namba witiri, na zawadi kubwa kabisa ni dola milioni 10. Namba tatu za mwisho zikilingana na za ushindi unapata dola 200. Mimi nimewahi kuzipata hizo 200, kwa risiti ya yai na bakuli dogo, nikala bure siku tatu. Wageni nao wanaruhusiwa kushiriki, kwa hiyo mwenye duka asipokupa, simama hapohapo umwombe.

Ukimaliza, trei huiachi mezani. Kuna sehemu ya kuirudishia, na mabaki ya chakula, karatasi na vijiti vinatenganishwa, kila kimoja na pipa lake. Fuata anayefanya mbele yako.

Nyota nne kati ya tano kwa lu rou fan na vya sufuriani, mbili kwa vilivyobaki. Ukumbi unafunga saa tatu na nusu usiku lakini usiwategemee hadi muda huo. Sufuria ya nyama haijazwi tena ikishafika jioni, na ikipita saa mbili kinachobaki kaunta ni tambi.